Johannes Rebmann, Shahidi wa Theluji ya Kibo

Watu wengi hulitaja jina la Johannes Rebmann kwa jambo moja tu, ya kuwa yeye ndiye Mzungu wa kwanza aliyeiona theluji ya Kilimanjaro na kuandika habari zake. Jambo hilo ni kweli, walakini si habari yake yote. Maisha yake ni maisha ya mtu aliyeona jambo kwa macho yake, akalisema kama lilivyo, akadhihakiwa na wenye elimu, wala hakuligeuza neno lake. Yafaa tuyakumbuke zaidi siku hizi, kwa kuwa theluji ile aliyoishuhudia inapungua mbele ya macho yetu sisi tukaao chini ya mlima, na zamu ya kushuhudia imetufikia sisi.

Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari, mwaka wa 1820, katika kijiji cha Gerlingen, karibu na mji wa Stuttgart, nchi ya Württemberg katika Ujerumani. Wazazi wake walikuwa wakulima. Katika nchi ile kuna majira ya baridi kila mwaka. Maji ya vijito huganda, miti husimama bila majani, na theluji huanguka usiku kimya kimya hata asubuhi mashamba na mapaa ya nyumba yamefunikwa weupe mtupu. Watoto huingojea siku ile kwa furaha, na wazee huifurahia pia, kwa kuwa theluji huifunika mbegu iliyopandwa isiuawe na baridi kali, kisha ikiyeyuka huinywesha ardhi. Basi Rebmann aliijua theluji tangu utoto wake, kama mtoto wa Machame au wa Marangu ajuavyo mgomba. Neno hili tulishike, kwa maana litatufaa huko mbele.

Alipokuwa kijana moyo wake ulivutwa na kazi ya kupeleka Injili, akaingia katika chuo cha Misioni ya Basel katika nchi ya Uswisi. Kutoka huko alipelekwa Uingereza, katika chuo cha chama cha misioni cha Kanisa la Kiingereza, kiitwacho C.M.S., kwa maana siku zile Waingereza walikuwa na mali na merikebu, lakini watu waliokuwa tayari kwenda walikuwa haba, na vijana wengi wa Württemberg walijitoa kutumika pamoja nao. Mwaka wa 1845 aliwekewa mikono kuwa mchungaji, na mwezi wa Juni mwaka wa 1846 akashuka pwani ya Mombasa. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Huko Mombasa alimkuta Mjerumani mwenzake, Johann Ludwig Krapf, naye pia mtu wa Württemberg. Krapf alikuwa amefika mwaka wa 1844, na katika mwaka ule ule alimzika mkewe na mtoto wao mchanga. Hao wawili wakajenga kituo chao Rabai, juu ya vilima vilivyo nyuma ya Mombasa, katika mwezi wa Agosti mwaka wa 1846. Wote wawili walikuwa wagonjwa wa homa siku zile, walakini hawakuiacha kazi. Wakajifunza lugha za watu, wakafanya shule ndogo, wakahubiri. Tena walikuwa na shauri kubwa: kufungua njia ya bara, ili vituo vya Injili vifuatane kutoka pwani ya mashariki hata pwani ya magharibi.

Kwa ajili ya shauri hilo Rebmann alisafiri kwanza mpaka Kasigau katika nchi ya Taita, mwaka wa 1847. Huko na katika Mombasa alisikia habari nyingi za nchi ya Wachagga na mlima wake mkubwa. Watu wa pwani walisema ya kuwa juu yake kuna fedha nyingi, lakini inalindwa na majini, na kila apandaye miguu yake hukakamaa, na baruti yake haiwaki, naye hufa. Rebmann alisikiliza wala hakucheka. Aliyaweka maneno hayo moyoni, akaazimu kwenda kuona.

Tarehe 27 Aprili, mwaka wa 1848, aliondoka Rabai pamoja na watu wachache, na kiongozi wao alikuwa Bwana Kheri, Mswahili mzoefu wa safari za bara. Rebmann hakuchukua bunduki. Alichukua Biblia yake na mwavuli wake, kwa maana ilikuwa majira ya mvua. Wenyeji walistaajabu sana, kwa kuwa walizoea kuona misafara ya wafanya biashara yenye silaha nyingi, na mtu apitaye nyika yenye simba na wanyang'anyi kwa mwavuli tu walikuwa hawajamwona.

Asubuhi ya tarehe 11 Mei, walipokuwa katika nyika iliyo kati ya Taita na Uchagga, milima ya Wachagga ilizidi kuonekana wazi mbele yao. Kama saa nne ya asubuhi Rebmann akaona juu ya mlima mmoja kitu cheupe. Kwanza alidhani ni wingu jeupe sana. Akamwuliza kiongozi wake. Yule hakujua kwa hakika ni kitu gani, ila alidhani ni baridi. Ndipo Rebmann alipoelewa. Neno lile moja la Kiswahili likamrudisha katika majira ya baridi ya kwao, naye akatambua pasipo shaka ya kuwa kile cheupe ndicho rafiki yake wa zamani, theluji. Baadaye kidogo walipopumzika alifungua Biblia yake, na sura aliyokuwa ameifikia katika kusoma kwake ilikuwa Zaburi ya 111, inenayo habari za ukuu wa matendo ya Mungu. Aliisoma akiutazama mlima, na hakuisahau siku hiyo.

Tuangalie jinsi alivyoupata ujuzi wake. Hakuitumaini mboni ya jicho peke yake, bali aliyapima pamoja mambo mengi. Alitafakari zile habari za pwani, za miguu kukakamaa na watu kufa, akaona ya kuwa ndiyo kazi ya baridi kali, ambayo watu wasioijua waliihesabu kuwa kazi ya majini. Alipofika Kilema akapokewa na Mangi Masaki, na katika safari zake aliwauliza Wachagga wenyewe. Nao walikuwa na jina la kitu kile, waliita Kibo, na walijua vema ya kuwa kikichukuliwa chini hugeuka kuwa maji. Alisimuliwa pia ya kuwa zamani Mangi wa Machame, Rungua, alituma kundi la watu wapande wakaichunguze ile fedha, na katika wote alirudi mmoja tu, mikono yake na miguu yake imeharibika kwa baridi. Basi Wachagga waliijua theluji tangu zamani, wala hawakungoja Mzungu aje awaonyeshe. Kazi ya Rebmann ilikuwa kuusikiliza ushuhuda wao, kuulinganisha na macho yake, na kuupeleka kwa watu wa mbali.

Alirudi Rabai mwezi wa Juni. Katika Novemba ya mwaka ule ule akaondoka tena, akapita Kilema hata akafika Machame kwa Mangi Mamkinga, akakaa karibu na mlima siku nyingi. Aliuona mchana na usiku, na mwanga wa mwezi ukiwa juu ya theluji. Akaandika ya kuwa vilele ni viwili juu ya msingi mmoja, cha mashariki kimechongoka na kimepungua urefu, na cha magharibi kina umbo la kuba, nacho hufunikwa na theluji daima. Kila mtu wa Moshi atazamaye juu asubuhi isiyo na mawingu aweza kusema kama maneno hayo ni kweli au si kweli: ndivyo Mawenzi na Kibo vilivyo.

Safari ya tatu, mwaka wa 1849, ilikuwa ya huzuni. Alitaka kupita Uchagga afike Unyamwezi, akachukua nguo na shanga nyingi za hongo. Lakini Mamkinga alimnyang'anya mali yake kidogo kidogo hata hakusaliwa na kitu cha kumpeleka mbele. Akarudi pwani kwa njaa na mvua na ugonjwa. Hakukanyaga tena nchi ya Wachagga.

Wakati huo habari zake zilikuwa zimefika Uingereza, zikapigwa chapa katika gazeti la C.M.S. mwaka wa 1849. Wengine walifurahi, lakini katika wenye elimu ya nchi na ramani walitokea wakanushaji, na mkuu wao alikuwa William Desborough Cooley wa London. Huyo alikuwa mtu wa vitabu. Alikuwa amekusanya habari nyingi za Afrika katika maandiko, na katika maandiko yake hapakuwa na mlima wa theluji karibu na ikweta. Kwa hiyo akaandika ya kuwa jambo hilo haliwezekani, na kwamba mmisionari huyu ameona mawazo yake mwenyewe. Wengine walidhani ni mawe meupe au chokaa. Mwaka wa 1852 Cooley alitoa kitabu kizima juu ya bara la ndani la Afrika, na ndani yake hakumhurumia Rebmann. Wala hakuwa amefika Kilimanjaro.

Hebu tulifikiri jambo hili. Mtu aliyezaliwa katika theluji, aliyeicheza utotoni na kuikanyaga kila mwaka hata utu uzima, aliambiwa hajui kuitambua. Na waliomwambia walikaa mbali na mlima ule mwendo wa miezi mingi baharini. Rebmann hakutukana. Hakuongeza chumvi katika habari zake ili zipendeze, wala hakuzipunguza ili aaminiwe. Alishikilia kwamba ameona alichokiona. Na tarehe 3 Desemba, mwaka wa 1849, mwenzake Krapf, alipokuwa katika nchi ya Ukambani, aliuona mlima Kenya nao una weupe juu yake. Mashahidi wakawa wawili, na milima miwili, walakini wakanushaji hawakukubali.

Rebmann na mmisionari mwingine, Jakob Erhardt, waliendelea kuwauliza wasafiri wa bara, nao wakachora ramani iliyoonyesha bahari kubwa ya maji matamu katikati ya nchi. Ramani hiyo ilitangazwa Ulaya katika miaka ya 1855 na 1856. Umbo la maji yale halikuwa sahihi, kwa kuwa waliunganisha maziwa kadhaa kuwa moja, lakini ndilo lililowaamsha Waingereza kuwatuma Burton na Speke mwaka wa 1856. Hao walipita Rabai wakamwomba Rebmann afuatane nao, naye akakataa, kwa maana alijua kazi aliyoitiwa.

Haki yake ilikuja kwa kuchelewa. Mwaka wa 1861 Baron Karl Klaus von der Decken, Mjerumani, alifika Kilimanjaro pamoja na Richard Thornton, Mwingereza mwenye elimu ya mawe. Mwaka wa 1862 alirudi pamoja na Otto Kersten, wakapanda hata kupita meta 4,000, na huko theluji ikawaangukia. Vipimo vyao vikathibitisha kila neno la msingi la Rebmann. Mwaka wa 1871 Charles New, mmisionari Mmethodisti, alifikia mpaka wa theluji akaishika kwa mikono yake. Na mwaka wa 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walisimama juu kabisa ya Kibo, penye urefu tujuao leo kuwa meta 5,895. Miaka 41 ilikuwa imepita tangu asubuhi ile ya mwezi wa Mei.

Lakini Rebmann hakuyangoja hayo kama mtu angojaye mshahara. Alikuwa Rabai, kazini. Mwaka wa 1851 alimwoa Emma Tyler, Mwingereza, katika mji wa Cairo, naye akawa msaidizi wake. Mtoto wao alikufa angali mchanga. Krapf akarudi Ulaya kwa udhaifu wa mwili, Erhardt naye akaondoka, na Rebmann akabaki. Wamaasai walipoishambulia nchi mwaka wa 1857 alilazimika kukimbilia Unguja, kisha akarudi tena. Mwaka wa 1866 mkewe akafariki. Yeye akaendelea peke yake. Alikusanya maneno ya Kinyika na ya Kiswahili. Tena kwa msaada wa mtu mmoja aliyeitwa Salimini, aliyetekwa utumwani kutoka upande wa Ziwa Nyasa, aliandika kamusi ya lugha ya huko, iliyopigwa chapa mwaka wa 1877. Aliifasiri pia Injili ya Luka katika Kiswahili. Walioamini Rabai kwa kazi yake walikuwa wachache sana, na wageni waliopita walimhesabu kuwa mtu aliyeshindwa.

Nabii Isaya alilifananisha Neno la Mungu na mvua na theluji, zishukazo toka mbinguni wala hazirudi bila kuinywesha nchi. Theluji haina kishindo. Huanguka kimya, hukaa, na matunda yake huonekana kwa wakati mwingine, mbali na mahali ilipoanguka. Ndivyo ilivyokuwa kazi ya Rebmann. Kwa muda wa miaka 29 hakwenda kwao hata mara moja.

Katika miaka yake ya mwisho macho yake yalififia, hata akawa kipofu. Yale macho yaliyoiona theluji chini ya ikweta hayakuweza tena kuona ukurasa wa kitabu. Mwaka wa 1875 alipelekwa Ulaya, akishikwa mkono na mwana wa Rabai, Isaac Nyondo, Mkristo, aliyesafiri naye kumwongoza njiani. Akakaa Korntal, karibu na kijiji alichozaliwa, jirani na rafiki yake Krapf. Majira ya baridi ya kwao yalimkuta tena, lakini weupe wake hakuuona. Akafariki tarehe 4 Oktoba, mwaka wa 1876, akiwa na umri wa miaka 56, akazikwa Korntal.

Miaka 17 baadaye, yaani mwaka wa 1893, wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walifika Machame wakaanza kazi. Kutoka hapo ilienea Mamba, Moshi, na kote mlimani, na leo sharika zetu zimejaa mahali ambapo Rebmann alipita na mwavuli wake. Na mlimani juu, upande wa kusini wa Kibo, pana barafu iliyopewa jina lake. Wapandao kutoka kambi ya Barafu kwenda kileleni huiona wanapokaribia ukingo wa juu.

Basi hapa ndipo habari ya mtu huyu wa zamani inapotugusa sisi. Barafu ile yenye jina lake imekuwa mabaki tu. Ramani iliyochorwa mwaka wa 1912 ilionyesha barafu ya Kilimanjaro kuwa na eneo la kilometa za mraba kama 12. Ilipopimwa mwaka wa 2011 haikutimia kilometa 2. Maana yake, katika kila sehemu saba zilizokuwapo, sita zilikuwa zimekwisha. Hans Meyer mwenyewe aliporudi mwaka wa 1898, miaka tisa tu baada ya kupanda mara ya kwanza, aliona ya kuwa barafu imerudi nyuma. Wataalamu waliotoboa barafu mwaka wa 2000 wakachukua vipande vya ndani yake walikadiria ya kuwa ile ya chini kabisa ina umri wa miaka zaidi ya 11,000. Na kitu cha kale namna hiyo kinakwisha katika vizazi vichache vya watu.

Sababu zake ni nyingi, nazo zahusiana. Tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19 hewa ya sehemu hizi imekuwa kavu kuliko zamani, na theluji mpya haianguki kwa wingi kama kwanza. Theluji mpya ni nyeupe, hurudisha nuru ya jua. Isipoanguka, barafu kuukuu yenye vumbi hubaki wazi, nayo hulipokea joto la jua. Kwa kuwa juu ni baridi na pakavu, barafu nyingi haiyeyuki kuwa maji, ila hugeuka mvuke moja kwa moja na kupotea hewani. Pamoja na hayo, dunia nzima inapata joto kwa ajili ya moshi wa makaa ya mawe na mafuta yanayochomwa katika nchi za viwanda, na joto hilo limezidisha joto la Bahari ya Hindi, ambako mawingu yetu hutoka. Hata kwao Rebmann, theluji ya mabondeni siku hizi haikai siku nyingi kama alivyoizoea yeye alipokuwa mtoto. Watu wa Gerlingen na watu wa Moshi wanalia juu ya jambo moja.

Katika kushuhudia habari hii imetupasa kumfuata Rebmann, tusiongeze wala tusipunguze. Mwaka wa 2002 wataalamu wengine walikadiria ya kuwa barafu itatoweka kati ya mwaka wa 2015 na wa 2020. Miaka hiyo imepita na barafu ingalipo, ingawa imepungua. Wako wanaolichukua kosa hilo wakasema ya kuwa habari yote ni uongo. Hao ni ndugu zake Cooley, kwa maana waacha kutazama mlima wenyewe. Mwaka wa 2022 UNESCO ilitoa taarifa ya kuwa barafu ya Kilimanjaro yatazamiwa kutoweka ifikapo mwaka wa 2050. Kama ni mwaka ule au mwingine, mtoto abatizwaye leo katika usharika wetu huenda akauona mlima bila weupe wake wa siku zote kabla hajazeeka.

Tusiseme pia ya kuwa maji yetu yote yatoka katika barafu, kwa maana si kweli. Sehemu kubwa ya maji ya mito yetu na ya mifongo iliyochimbwa na babu zetu hutoka katika msitu, unaopokea mvua na kuyakamata maji ya ukungu kwa majani yake na kuvumwani zake. Hapo ndipo mikono yetu inapofika. Barafu hatuwezi kuirudisha kwa kupanda miti, lakini msitu ukiungua, mlima utakuwa umepotewa na kofia yake na vazi lake pia. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 2020 moto uliunguza sehemu kubwa mlimani, na mwaka wa 2022 moto ulizuka tena. Moto mwingi huanza kwa mkono wa mtu: mrina asali, mwenye kusafisha shamba, mpita njia asiyezima jiko lake. Kanisa letu katika Dayosisi ya Kaskazini limewafundisha watoto wa kipaimara kupanda miti, na jambo hilo ni jema. Kila familia na ilinde chanzo cha maji kilicho karibu nayo, na kila usharika usikilize habari za mlima kama usikilizavyo habari za mgonjwa wake.

Tena ni wajibu wetu kusema. Watu wa mbali ambao viwanda vyao hutoa moshi mwingi hawauoni mlima huu kila asubuhi, sisi twauona. Wazee wetu walikumbuka weupe ulioshuka chini kuliko wa leo, na upande wa Kibo waliuheshimu kuwa upande wa baraka. Ushuhuda wao uandikwe na wajukuu wao wakati wazee wangalipo, mwaka gani, mahali gani, nini kilionekana, bila kutia chumvi. Rebmann alikuwa mtu mmoja mwenye Biblia na mwavuli, na ukweli wake ukawashinda wenye vitabu vingi, kwa sababu mlima ulikuwapo kumshuhudia. Sisi tukinyamaza, theluji ikiisha, watoto wetu watasoma habari zake kama hadithi, nao watauliza, kama watu wa London walivyouliza, yawezekanaje theluji kukaa karibu na ikweta?

Mungu, aliyeumba baridi na joto, na atupe macho ya kuona kazi zake zingali mbele yetu, na moyo wa kuzitunza. Amina.